Severino Atakuja Jumamosi

Nianze kwa kukubali kwamba jambo hili bado linaniaibisha. Katika ofisi yetu ya zamani pale Atlabara, Juba, kuna watu ambao mpaka leo wakiniona naingia wananiuliza, "Poni, Severino anakuja lini?" halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, lakini wale hawakuwepo Nimule siku ile, hawakuuona uso wa yule mama.

Mimi kwa karatasi ni Mbari wa Rejaf, ila nilipelekwa Kenya nikiwa bado nabebwa mgongoni, nikakulia Kitale, nikarudi Juba baada ya mkataba wa amani wa Sudan nikiwa msichana mzima na cheti changu cha ukarani, nikijua Kiswahili na Kiingereza, basi. Kibari nilikuwa nasikia majina ya vyakula na matusi tu, na Kiarabu cha Juba nilikuwa naokotaokota sokoni. Na ninyi mliorudi miaka ile mnajua tulivyochekwa. Mzee wa kwenu anakuuliza kitu, huelewi, ukisema huelewi anawageukia wenzake kuwaambia hawa watoto wa Kenya wamepotea kabisa. Kwa hiyo nikajitafutia dawa: mtu akiniongelesha lugha nisiyoijua, natabasamu, naitikia kwa kichwa, nasema "kwes, kwes", yaani nzuri, na mambo yanapita. Dawa hiyo ilinifaa karibu mwaka mzima.

Shirika letu lilikuwa linaandikisha watu wanaorudi kutoka makambi ya Uganda, na kituo kimoja kilikuwa Nimule, mpakani. Mwenzetu wa kule, Beatrice, akaenda kujifungua, bosi akaniambia nikamshikie wiki moja. Wiki moja! Nikafunga nguo za wiki moja na sabuni kipande. Kila Ijumaa nilikuwa naita Juba kwa redio ya ofisi kuuliza anayenipokea anakuja lini, na kila Ijumaa naambiwa "wiki ijayo, Poni, vumilia", mpaka wiki zikawa saba na mikono ya blauzi ikaanza kuachana na blauzi yenyewe.

Nimule ni mji mdogo, ukitembea dakika chache umeumaliza. Malori yamepanga foleni pale forodhani, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu hadi ugali, na simu ukitaka ishike mtandao wa Uganda inabidi upande kilimani. Nilipewa chumba katika boma la askari wa hifadhi ya wanyama, karibu na geti lao, ng'ambo ya mto kukiwa na ndovu. Wiki ya kwanza nilikuwa nakimbia kuwaona na kamera mkononi. Wiki ya tano askari akiita, "Dada, ndovu!" nilikuwa sigeuzi hata shingo. Nadhani hata wao walikuwa wamenichoka.

Askari huyo alikuwa Martin, na katika ule upande wa mji ndiye peke yake niliyeweza kuzungumza naye vizuri, maana alikaa ukimbizini Uganda na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha mimi iko wewe iko. Jirani yangu wa karibu, upande wa pili wa ua wa matete, alikuwa Mama Natalina, mjane mwenye mvi, aliyerudi kutoka kambini msimu ule ule. Yeye alijua Kimadi, lugha ya pale, na Kiarabu maneno machache kama mimi. Salamu zetu zilikuwa anasema kitu kirefu, mimi naitikia kwa kichwa, "kwes, kwes", anacheka, naenda kazini.

Sasa, Jumanne moja redio ikaniambia gari la kunichukua linakuja Jumamosi, pamoja na msichana wa kunipokea. Dereva wetu alikuwa kijana mmoja mnene anaitwa Severino. Siku zote alikuwa akishusha mizigo kule ofisini forodhani na kugeuza, kwa hiyo watu wa upande wetu hawakumjua. Nilirudi bomani nikiwa kama mwendawazimu, nikapiga kigelegele peke yangu pale uani, nikamwambia Martin aliyekuwa anafunga mkoba aingie porini na wenzake, "Severino anakuja! Martin, Severino anakuja!" Nililiimba lile jina kama wimbo wa kanisani.

Mama Natalina akaja kwenye ua. Alishika matete kwa mikono miwili, akaniuliza swali refu kwa sauti ya chini, tofauti na siku zote, na ndani ya lile swali nikasikia "Severino". Nikaona, ala, hata jirani amefurahi niende zangu. Nikaitikia kwa kichwa. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na furaha na nilitaka kujionyesha, nikaongeza na Kiarabu changu: "Severino fi Juba. Bi ja yom sebit." Yuko Juba, atakuja Jumamosi.

Yule mama akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Kwes?" akaniuliza, kama anataka kujua ni mzima.

"Kwes shedid," nikasema. Mzima kabisa.

Akaanza kulia. Na hapa ndipo penye aibu yangu yenyewe, msiitafute kwingine: niliona kwamba yale si machozi ya kuagwa na jirani. Niliona kuna kitu. Martin alikuwa bado yuko getini, hatua ishirini kutoka pale, ningemwita tu aje aulize. Lakini nilikuwa nimechoka, miguu inawaka, ndoo yangu ya maji ya kuoga inangoja, na kumwita Martin maana yake ni kukiri kwamba wiki saba zote sikuwa nimeelewa hata neno moja la yule mama. Nikampungia mkono, nikaenda kuoga. Martin akaondoka zake kufuata ndovu.

Jumatano nikaletewa karanga zilizosagwa na simsim. Alhamisi samaki mzima (mimi niliyekuwa nakula maharage tangu nifike, mnafikiri niliuliza samaki ni wa nini?). Wanawake wakaja kukandika upya ukuta wa Mama Natalina kwa udongo na kuupaka majivu meupe. Watu nisiowajua wakawa wananishika mkono njiani na kuukawiza. Ijumaa katekista wao, Aloisio, mwenye Kiingereza kidogo, akanisimamisha akasema wanamshukuru Mungu kwa ajili ya Severino. Nikasema ni kweli, ni mtu mzuri sana, na haendeshi kwa kasi kama wengine.

Akatoa macho. "Anaendesha gari?"

"Gari kubwa," nikasema.

Katekista aliondoka karibu anakimbia. Mimi nikabaki najiambia, hawa watu wanapenda madereva, jamani.

Jumamosi mchana nikasikia ngoma. Nikachungulia: boma limejaa. Kina mama wa kanisa na sare zao, wazee wameketi kwenye viti, sufuria kubwa ya nyama ya mbuzi motoni, Mama Natalina katikati amevaa nguo nyeupe na amenyoa nywele. Na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani wamekuja kuniaga mimi. Moyo ukajaa. Nikarudi ndani nikavaa gauni langu moja lenye afadhali, nikatoka, nikasimama mbele yao wote, nikaweka mkono kifuani na kuanza kuhutubia. Nikawaambia kwa Kiarabu changu cha kuokota kwamba sitawasahau. Nikalia. Wao wakanitazama kwa adabu, ngoma ikipigwa polepole, mpaka gari likasikika barabarani, na hapo umati wote ukanipita kulia na kushoto, mmoja akanipiga kikumbo, ukakimbilia getini.

Severino maskini aliona watu zaidi ya hamsini wanamjia na vigelegele, akapandisha vioo. Yule msichana aliyekuja kunipokea akajikunja chini ya dashibodi. Ilichukua muda kumshawishi Severino ashuke. Alishuka na kofia mkononi, akisema, "Fi shunu? Fi shunu?" kuna nini, na watu wakatengeneza njia, Mama Natalina akapita.

Alimshika uso kwa mikono yote miwili. Akampapasa paji la uso, akamgeuza kichwa, akampapasa nyuma ya sikio la kushoto kama mtu anayetafuta kitu anachojua kilipo. Severino alikuwa kijana wa miaka isiyofika thelathini. Nyimbo zikafa moja moja, kwanza za mbele, mwisho za nyuma ambako hawakuwa wanaona. Ngoma ndiyo ilinyamaza mwisho. Mama akashusha mikono yake, akageuka, akatafuta katikati ya watu mpaka akaniona mimi.

Martin na wenzake walikuwa wanaingia wakati huo huo kutoka porini, matope mpaka magotini. Alisikiliza maneno mawili matatu kwa katekista, akanijia.

"Dada Poni, wewe nasema nini kwa hii mama?"

"Nilimwambia Severino anakuja! Dereva! Si huyu hapa?"

"Yeye nauliza wewe, mtoto yangu Severino iko mzima? Mtoto yake, wanajeshi nachukua yeye kutoka shule, wakati ya vita. Iko na alama nyuma ya sikio. Sasa napita miaka kumi na tisa. Wewe nasema ndiyo. Wewe nasema iko Juba."

Nilitamani mtu anitukane. Hakuna aliyenitukana. Wazee walikuwa wanatazama chini. Katekista aliniuliza kwa Kiingereza, taratibu, "Na lile gari kubwa?" nikanyoosha kidole kwenye lile gari letu, basi, akaondoka. Severino alipoelezwa, alichuchumaa mbele ya yule mama akamwambia, "Malesh, mama," pole, pole, kana kwamba kosa ni lake kuitwa jina lile. Akaambiwa akae, ale. Chakula kilikuwa kimeshaiva na watu wametoka mbali, kwa hiyo waliandaa wakala, kama watu wanaokula baada ya mazishi.

Nikamwomba Martin aniombee msamaha kwa mama. Akaenda, akarudi.

"Anasema leo hapana. Kuja kesho. Leo yeye nachoka."

Severino akapiga honi. Mvua ilikuwa inakuja na barabara ile ya udongo ikilowa hupiti. Begi langu lilikuwa tayari ndani. Wiki saba nilikuwa naota lile gari. Nikafungua mlango wa nyuma, nikalishusha begi, nikamwambia aende. Si wema, msinisifu. Nilijua nikipanda, uso wa yule mama nao utapanda.

Gari lililofuata lilikuja baada ya wiki mbili. Kila jioni nilikuwa nakaa kwa Mama Natalina. Siku ya kwanza alinisogezea ungo wa karanga nikamenya. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Martin alikuwepo, mama akamtuma aniulize kwa nini nilisema ndiyo.

Nikasema, "Niliona aibu kusema sielewi."

Akafikiri, akajibu, Martin akatafsiri: "Anasema, aibu hiyo ni kidogo sana."

Siku hiyo hiyo tuliandika habari za mtoto wake kwenye rejista, sawasawa safari hii, jina la baba, shule, ile alama, na nikaituma karatasi kila kituo tulichokuwa nacho. Nilipopata kazi nyingine miaka miwili baadaye, hakuna kituo kilichokuwa kimejibu. Akina Severino walikuwa wengi, wa kwake hakuwemo.

Kabla sijaondoka alinifundisha kusema "sielewi" kwa Kimadi. Alikuwa ananiambia kitu kirefu makusudi, halafu ananingoja. Nikinyamaza ananigonga goti. Nikilisema, wajukuu wa jirani wanaanguka kwa kicheko kwa jinsi ninavyolitamka, na yeye anaendelea na karanga zake bila kucheka.

Mimi nimeapa: kichwa changu hakiitikii tena kitu nisichokielewa, iwe kanisani, iwe ofisini, iwe mbele ya mkwe. Juzi tu mzee mmoja wa kwetu Rejaf alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, watu wote wanatoka, akaniuliza kitu kwa Kibari. Nikamwambia kwa sauti, "Mzee, sielewi. Tafadhali rudia." Wakacheka, na wacheke. Mzee akarudia polepole kwa Kiarabu. Alikuwa ananiuliza kama nimekula.