Santuri ya Fundi Sikio

Povu lilikuwa bado limekaa upande mmoja wa kidevu chake Fundi Sikio aliposikia santuri yake ikitoka kwenye simu ya kinyozi, na haikuwa santuri yake.

Maneno yalikuwa yaleyale. Ngoma ilianza pale inapoanza, gitaa likakata pale linapokata, kama mtu anayevuka madimbwi kwa kurukaruka. Lakini waimbaji walikuwa wepesi, wana haraka, kama abiria walioambiwa gari linaondoka. Waimbaji wa santuri yake yeye aliwajua kwa miaka arobaini na ushei, na walikuwa na vifua vizito. Kila neno walilitua chini taratibu, kama mtu anayetua gunia baada ya safari ndefu. Hawa wa kwenye simu hawakuwa wamebeba kitu.

Akamshika kinyozi mkono wenye wembe, jambo ambalo mtu mwenye akili zake halifanyi.

"Hii imekimbizwa," alisema.

"Imekimbizwa na nani, mzee? Polisi?"

Wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Kinyozi hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo santuri yenyewe, ile iliyoitoa rege Jamaika na kuifikisha kwa watu ambao hawakuwa wakijua kama kuna muziki wa aina hiyo, na kwamba dunia nzima inaijua hivyo. Ili kumridhisha akatafuta nakala ya pili, kisha ya tatu. Zote zilikimbia mwendo mmoja. Mmoja wa wale wa kwenye benchi akasema huenda si wimbo ulioongeza mwendo, ni mzee aliyepunguza. Fundi Sikio alicheka pamoja nao, kwa sababu kuchekwa peke yako ni kubaya zaidi. Alipotoka nje, jua la saa nne lilimpiga usoni na hakukumbuka kwanza alikuwa akielekea wapi.

Kwa mwingine lingekuwa jambo la kusimulia na kusahau. Kwake halikuwa hivyo. Mama yake mzazi alianza na nyimbo. Alianza kuchanganya maneno ya nyimbo alizoziimba tangu usichana, watu wakasema ni uzee tu. Kisha akachanganya majina ya wajukuu. Mwisho alimtazama mwanawe wa kumzaa aliyekuwa akimlisha uji na kumuuliza, kwa adabu sana, yeye ni mtoto wa nani. Tangu siku hiyo Fundi Sikio alijua ugonjwa huo wa kusahau unaingilia mlango gani.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, alijua pia. Mwezi uliopita baba yake alifunga kibanda na kuiacha pasi ya kulehemu inawaka. Meza ikaungua tundu la kutosha kupitisha ngumi. Wiki mbili baadaye ikatokea tena. Tangu hapo binti alikuwa akipita kila jioni na maswali yaliyovaa nguo za salamu.

"Baba, leo siku gani?"

"Siku ya kuulizwa maswali."

Hatimaye walikubaliana. Alhamisi wangemwona daktari wa mambo ya kumbukumbu. Daktari akisema akili iko sawa, kibanda kingebaki. Akisema vingine, baba angekifunga na kuhamia kwa bintiye, kwenye chumba kilichokwisha kupakwa rangi. Rangi hiyo ndiyo iliyomtia hofu. Chumba hakipakwi rangi kwa ajili ya mtu ambaye hatakuja.

Na leo ilikuwa Jumanne, na masikio yake yalikuwa yamemruka.

Kibanda chake kilikuwa hatua mbili kwa tatu, kina harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na vumbi la spika. Humo ndimo alimoipokea rege na kuigawa kwa mtaa mzima, akiwa kijana mwenye mke mpya na mashine moja ya santuri. Mashine ile aliachiwa na mwalimu wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao, pamoja na sanduku la santuri. Ilikuwa ya umeme wa nchi nyingine, na yeye, mtu mwangalifu, hakukurupuka kuichomeka ukutani. Alitafuta transfoma ya kupunguza umeme, akaipima mara tatu, ndipo akaiwasha. Ikazunguka. Akajiona amemaliza kazi.

Ila ilikuwa mvivu. Kila msanii aliyejulikana redioni alitoka humo kama ameamshwa usingizini. Fundi akadhani ni uzee wa mota, akabuni dawa yake: alizungushia selotepu kwenye kile kinundu cha mota kinachovuta mkanda wa mpira wa kuzungushia sahani, safu juu ya safu, hadi kikanenepa na sahani ikazunguka upesi zaidi. Alisikiliza, akaongeza, akabandua kidogo, mpaka mwimbaji akawa yeye mwenyewe. Joto liliilainisha selotepu, kwa hiyo kila jioni aliibandua na kila asubuhi akaanza upya, kwa sikio tu. Hapo ndipo jina lilipotoka. Watu walileta kanda tupu kutoka mitaa ya mbali ili warekodiwe na Fundi Sikio, na mke wake akaandika majina ya nyimbo kwenye makaratasi kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko ulioegemea kushoto kama unasikiliza.

Santuri ile ilikuwa chini kabisa ya sanduku. Jalada la kahawia, wanaume watatu wameketi kwenye ngazi za mbao, hakuna anayetabasamu. Hapakuwa na mtu mtaani aliyewahi kusikia muziki wa namna hiyo, na redio haikuupiga. Ndani ya mwaka mmoja ulikuwa kila dirisha. Mafundi magari waliupiga, washonaji waliupiga, na vijana wakajifunza mpaka kutembea kwa mwendo wake, polepole, mabega nyuma, hata wakichelewa kazini. Baadaye alipousikia redioni ukienda haraka, alidhani ni wengine wanaoiga. Mashine ilikufa, santuri ikapinda kwa jua wakati wa kuhama, mke akafariki miaka tisa iliyopita, na yeye hakuwa na haja ya kupiga tena kitu alichokuwa nacho kichwani.

Alichokuwa nacho kichwani. Alikaa juu ya kigoda chake na kujaribu kukiimba, akakiimba polepole, kisha haraka, kisha akashindwa kujua ni upi anaoukumbuka na ni upi aliousikia asubuhi. Kama unachokikumbuka hakimo mahali popote duniani ila kwako, utajuaje kwamba kilikuwapo?

Njia ilikuwa moja: kutafuta kanda aliyorekodi mwenyewe. Zake hakubaki na hata moja, mganga hajigangi. Akaondoka kwenda kwa fundi cherehani, shoga wa marehemu mkewe, mwanamke asiyetupa hata kipande cha uzi.

"Karibu, shemeji," alisema bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Naona leo umenyolewa nusu. Nusu nyingine umemwachia kinyozi amana?"

Akajipangusa povu lililokauka. Akamweleza shida yake kwa kuzungukazunguka, bila kumtaja daktari. Yule mama alimsikiliza, akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, kisha akashusha bati la biskuti lililojaa vifungo na kukoroga kwa vidole mpaka kanda ikaibuka. Mwandiko wa buluu ulikuwa umefifia, lakini bado umeegemea kushoto. Alimwambia hajaipiga tangu redio yake ilipokufa, na redio hiyo ilikufa mikononi mwake yeye fundi, kwa hiyo asije akamlaumu mtu.

Hakuipiga siku hiyo. Aliishika mfukoni kama mtu aliyepewa barua ya hospitali. Usiku ulipita, na Jumatano akaitengeneza ile mashine yake ya kanda kuliko alivyowahi kuitengeneza ya mteja yeyote. Aliogopa jambo moja: mkanda wa mpira ukichoka, mashine ya kanda nayo hupunguza mwendo. Akisikia muziki wa polepole, atajuaje kama kosa ni la leo au la zamani? Akabadilisha mkanda. Akafuta kichwa cha kusomea kwa spiriti. Alasiri binti yake akapita akiwa bado na sare ya kazini, akamkuta ameketi mbele ya mashine iliyozimwa.

"Unasubiri nini, baba?"

"Nasubiri kujua kama ni mimi."

Binti hakuuliza ni yeye kwa vipi. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Fundi akabonyeza.

Kwanza ulikuja mvumo. Kisha sauti ya kijana, nyembamba, yenye kujisikia, ikasema: "Upande wa kwanza. Hii inaitwa rege, inatoka Jamaika. Mmerekodiwa na fundi wenu." Ilikuwa sauti yake. Haikuburutika wala haikukimbia. Ilikuwa mwendo wa mtu anayesema. Mashine basi ilikuwa sawa. Sindano ikakwaruza, ngoma ikaingia, na wale wanaume watatu wa kwenye ngazi wakaanza kuimba, wazito, wapole, kila neno wakilitua chini kama gunia.

Kilikuwapo. Hakukiota.

Lakini siku ile, kwa haraka zake za ujana, alikuwa amesahau kuzima maikrofoni, na sauti nyingine ikaingia juu ya muziki, karibu sana, kama mtu aliyeinama begani kwake.

"Mbona wanaimba kama wamechoka?" ilisema sauti ya mkewe. "Selotepu umebandua. Irudishe."

"Waache," akajibu yule kijana. "Kwao ndivyo wanavyoimba."

"Kwao umekwenda lini?"

Mkewe akacheka, kicheko kilekile cha kuanzia puani, kisha kikasikika kidude kikizimwa, na muziki ukaendelea peke yake.

Binti alikuwa ameweka mkono mdomoni. Fundi Sikio aliiangalia mashine kama imemtukana. Ilikuwa jioni, ndiyo. Alikuwa amekwisha kubandua selotepu. Umeme wa nchi ya mwalimu yule ulipiga mara sitini kwa sekunde na wa hapa ulipiga mara hamsini, na mota ya namna ile huhesabu mapigo, haihesabu nguvu. Transfoma hubadilisha nguvu tu, haiongezi mapigo, kwa hiyo mota ilizunguka polepole. Hayo aliyajua kwa miaka thelathini. Alikuwa amewafundisha wenzake kwa kujigamba. Lakini kichwani mwake hayakuwahi kukutana na santuri ile, kama ndugu wawili wanaoishi mtaa mmoja na hawajuani. Hapakuwa na mota mvivu. Na mtaa mzima ulijifunza kutembea kwa kosa lake.

Alijaribu kufurahi. Alichokikumbuka kilikuwa kweli. Lakini kilichokuwa kweli kilikuwa si sahihi, na mtu wa kwanza kumwambia alikuwa ndani ya chumba hikihiki, na hilo ndilo lililokuwa limefutika. Miaka yote alimsimulia binti yake kwamba mama aliupenda muziki ule tangu pigo la kwanza. Nani alimpa hadithi hiyo? Akamgeukia binti na kumuuliza, kwa sauti isiyokuwa na mzaha hata kidogo, kama mtu anaweza kukumbuka nyimbo kumi bila kupoteza pigo na akasahau maneno ya mkewe yaliyosemwa juu ya wimbo huohuo. Je, hiyo ndiyo inavyoanza?

Muuguzi na mtoto walishindana usoni mwa binti.

"Ile ya kutomsikiliza mama haikuwa ugonjwa, baba," alisema mwishowe. "Hiyo ulikuwa nayo zamani."

Wote wawili wakacheka, na yeye akacheka mpaka akapangusa macho, na bado hakujua kama amejibiwa. Alipoinua kichwa alimwona binti ameinama kuangalia tundu la mezani lililoungua, akilipima kwa kidole. Binti akasema kesho wataenda kwa daktari vilevile. Akasema pia, akiwa hamtazami, kwamba hata daktari aseme nini, kibanda hakitafungwa kabla hajarudufiwa kanda hiyo, kwa sababu tangu azikwe mama yeye hakuwa na sauti yake mahali popote.

"Kwa mwendo upi?" aliuliza Fundi Sikio.

"Kwani iko miendo mingapi?"

Alichukua bisibisi ndogo kuliko zote na kufungua mgongo wa mashine. Mota ya kanda ina kitundu, na ndani ya kitundu mna skrubu ya kuongeza au kupunguza mwendo. Akiikaza kwa sikio, kama alivyopaswa kufanya jioni ile, wale wanaume watatu wangeamka na kuimba kama dunia nzima inavyowajua. Na mkewe, aliyesema kweli, angetoka na sauti ya kindege. Akiiacha, mkewe angebaki mwenyewe, akicheka kwa pua, na nyuma yake muziki ukiendelea kuwa kosa.

Aliirudisha kanda mwanzo. Ncha ya bisibisi ilikuwa imekaa ndani ya skrubu. Mkono ulijua kazi. Binti alikuwa akisubiri juu ya ndoo. Sauti ya kijana ikaanza tena kutangaza upande wa kwanza, na mzee akainamisha sikio, akijaribu kusikia ni yupi kati ya wale wawili, kijana aliyesema waache au mke aliyesema irudishe, ambaye yeye anapaswa kumtii safari hii.