Kamera ya Kusimama Mbali

Naogopa radi. Nalisema mapema ili nisije nikadhaniwa shujaa, maana huu mtindo wangu wa kufuatilia dhoruba na kuzipiga video unasikika kama wa mtu asiyejali roho yake. Nilipokuwa darasa la pili radi ilipasua mkaratusi nyuma ya vyoo vya shule, na harufu ya ule mti ulioungua ukiwa mbichi hunijia kila mvua ikitaka kunyesha. Kitu ninachokiogopa ndicho ninachokitazama sana. Wengine wako hivyo kwa nyoka.

Kamera za studio ninayofanyia kazi hapa Bariadi ni za harusi na vipaimara, haziruhusiwi kutoka kwenda kulowana. Ilibidi ninunue yangu, na mfuko wangu nilikuwa naujua. Rafiki aliniazima kwanza ile ndogo ya michezo isiyoingia maji. Wingu lililojaza nusu ya anga likatoka dogo kama tonge la ugali. Ili lijae kwenye picha ingebidi niende nikasimame chini yake, na mimi chini ya wingu kama lile siendi hata kwa mshahara.

Kwa hiyo dukani sikuuliza habari za rangi wala ung'avu. Niliuliza naweza kusimama umbali gani.

“Dada, hii inavuta mpaka mwezini,” muuzaji akasema, akinionyesha namba kubwa iliyoandikwa ubavuni.

“Inavuta kwa lenzi, au inakuza tu picha?”

Akacheka. “Kumbe wewe mtu wa kazi.”

Nikaitoa nje nikailenga kwenye kibao cha onyo kilichofungwa chini ya mnara wa simu, kule ng'ambo. Maandishi yakageuka uji. Nikajaribu nyingine, ya mtumba, nzito, imechubuka pembeni na betri yake haikai sana na chaji, lakini lenzi yake ilikileta kile kibao mpaka nikaiona kutu ya misumari. Nikaichukua hiyo. Nilirudi nyumbani nina furaha ya mwoga aliyepata ukuta wa kujificha.

Siku niliyoipeleka kwa shangazi yangu, kijijini Migato, ilikuwa mchana wa joto la kukaba koo. Nilimkuta anaanua nguo.

“Mwadila, mayu,” nikamsalimu kwa Kisukuma.

“Mwadila. Ingia ndani, hilo linalokuja silipendi.”

Wingu lilikuwa linatokea upande wa Meatu, jeusi chini, juu limetuna. Shangazi alikuwa ameshafunika kioo cha ukutani kwa kanga, ameondoa kitambaa chekundu mezani, na amezima simu. Kwao kitu chekundu na kitu king'aacho huita radi. Alipoiona kamera akanikazia macho.

“Hicho hukifungulii humu ndani mwangu.”

Nikamwomba nikasimame kwenye mlango wa ghala la pamba, ng'ambo ya ua. Akasema shauri yangu. Nikaenda mbio, nikawasha, nikaanza kulivuta lile wingu. Nilikuwa chini ya bati na wingu liko mbali, nikajipa moyo. Kisha nikashusha lenzi kwenye mbuga, nikamwona mume wa shangazi.

Mzee alikuwa amesimama chini ya mgunga, peke yake na ng'ombe wake, ameegemea shina. Mti wenyewe ulikuwa mmoja tu katika uwanda ule wote. Nikamwona anavuta koti kichwani. Nilimwona karibu kabisa, kama aliyeko uani, na hata ningepiga kelele hadi sauti ikatike asingesikia. Nilikuwa nasema “toka hapo, toka hapo” kwa sauti ya chini, kama mwendawazimu.

Picha ikawa nyeupe. Mlio ulifika baadaye, bati zima likatikisika. Weupe ulipoondoka ng'ombe walikuwa wamelala, na mzee amelala.

Shangazi aliniona uso kutoka mlangoni kwake. “Umeona nini?” Nikaonyesha mbugani kwa kidole. Akavuka ua kwenye mvua, yeye aliyefunika kioo, akaninyang'anya kamera na kutazama. Akaifutika ndani ya kanga na kukimbia kuelekea mbugani.

Mimi nilibaki mlangoni. Kilichonitoa pale si ushujaa. Niliogopa zaidi kubaki peke yangu ghalani. Tope jeusi lilinasa viatu nikaviacha. Kila anga lilipomulika nilijitupa chini, nikainuka, nikajitupa tena. Shangazi hakuinama hata mara moja.

Tulimkuta ameketi, mkono wake uko juu ya ng'ombe aliyekufa. Alipotuona akafoka kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto: “Mnafuata nini kwenye radi? Rudini ndani.” Shangazi akamjibu, naye akabaki akiangalia midomo yake tu.

Sikio la kushoto halikurudi. La kulia linasikia ukimsogelea.

Kamera haikuwa imezimwa. Baada ya ule weupe, video yote ni giza la kanga na vishindo vya mvua, na shangazi anamwita mumewe kwa Kisukuma, anamwita kwa jina la ujana ambalo sisi hatukuwahi kulisikia, njia nzima, akilia. Mzee hakuisikia sauti ile siku ile. Siku hizi nikienda Migato huniomba kamera, huiweka kwenye sikio la kulia, na kusikiliza mpaka mwisho.