Breki kwa Bunduki Isiyopiga Teke

Zamani mtu akifika kwenye mstari wa shabaha alianza kwa kumsalimu jirani wa kulia na wa kushoto na kuwauliza habari za nyumbani. Siku hizi anaanza kwa kuziba masikio, na akishayaziba, jirani kwake ni gogo tu.

Fundi wa bunduki alizijua zama zote mbili. Karakana yake iliegemea ukuta wa uwanja: chumba kimoja, mashine ya kukereza, meza ya mbao iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi, na dirisha linalotazama mstari. Chuoni hakupita. Alijifunza kwa vitabu vilivyochanika majalada, na kwa kuharibu vyuma vyake mwenyewe kabla ya kugusa vya watu. Wanachama wa uwanja wakamfanya pia msimamizi wa mstari. Akisema "wekeni chini", hata hakimu aliweka chini.

Tangu mkewe afariki, nyumba yake ilikuwa watu wawili wa mstarini hapo. Mmoja ni shemeji yake, kaka wa marehemu, mshona viti vya magari, mtu wa utani kutwa. Wa pili ni binti yake, ambaye mjomba huyo ndiye aliyemfundisha kulala kifudifudi, kuvuta pumzi, kuiachia nusu, na kukibonyeza kifyatulio bila kukishtua. Walilala bega kwa bega, na fundi akiwa dirishani aliwasikia wakitaniana.

"Mjomba, hapo umelenga shabaha au umelenga nzi?"

"Nzi. Nenda kamtazame kama bado anapumua."

Sikio la kushoto la mjomba lilikuwa limekufa zamani, enzi za kupiga risasi na kipande cha pamba masikioni. Daktari alimwambia alitunze la kulia, maana spea haziuzwi. Na kulia kwake ndiko alikolala binti.

Siku moja binti aliingia karakanani na kichuma kinene kama kidole gumba, kimetobolewa matundu ubavuni.

"Baba, nikatie hesi za skrubu kwenye mdomo wa mtutu, nifunge hiki."

"Cha nini?"

"Breki. Moto wa baruti unatokea pembeni, bunduki inatulia. Naiona risasi yangu inapotua, mwenyewe, ndani ya darubini."

"Bunduki yako ina uzito wa mbuzi na risasi yake punje ya mahindi. Lini imekupiga teke? Kobe naye anafungwa breki?"

"Hainipigi teke, inaruka. Kidogo tu. Na hicho kidogo ndicho kinachoninyima nafasi kwenye timu ya mashindano."

Fundi alikigeuzageuza kile kichuma kiganjani. Kazi yenyewe ilikuwa safi, hilo hakuweza kulikana.

"Ule mshindo haufi, mwanangu. Unautoa begani kwako, unampelekea jirani usoni. Kwenye bunduki kubwa inayovunja mabega ningekuelewa. Kwa hii, unamchoma mwenzako ili wewe uote moto."

"Jirani si atavaa vifuniko vya masikio?"

"Jirani ni mjomba wako."

Binti alikifunga kichuma kwenye kitambaa, akatoka. Wiki iliyofuata alirudi mstarini nacho kikiwa kimeshafungwa, kazi ya fundi mwingine wa mjini.

Matundu ya risasi zake kwenye karatasi yalikaribiana zaidi. Si sana, upana wa ukucha hivi. Fundi aliyaona. Aliona pia jinsi vumbi la mkeka lilivyoruka na kumjaa shemeji yake machoni kila binti alipofyatua, kishindo kama mlango wa bati uliopigwa na upepo. Shemeji alitia pamba masikioni na kuvaa vifuniko juu yake, haikusaidia kitu. Akaanza kufumba macho kabla kishindo hakijatoka, na risasi zake zilizozoea kati ya shabaha zikaanza kutua pembeni.

"Unasikia maumivu?" fundi alimuuliza.

"Sikio la kufa halisikii dawa. Langu limeshapimwa sanda, linasubiri wachimba kaburi."

Fundi hakucheka. Alijiambia kwamba ukuta mmoja katikati yao ungemwezesha kubaki nao wote wawili. Jumamosi, breki zikiwa zimeshaenea kwa vijana kadhaa, akatangaza mbele ya watu: "Wenye breki wote wahamie mwisho wa mstari, nyuma ya ukuta wa matofali."

"Na mimi, baba?" binti aliuliza.

"Breki haina mwana wala mzazi."

"Kule upepo unageuka ovyo. Unajua."

"Najua."

"Basi sema unanifukuza."

"Nasema usogee."

"Mtu akikusogeza mbele za watu, amekufukuza."

Alikunja mkeka wake. Vijana wenye breki, ambao hata salamu walikuwa wakitoa kwa kidevu, walimfuata. Mwezi haukwisha wakafungua uwanja wao kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, mahali ambapo kila mtu aliruhusiwa kumpasua mwenzake masikio apendavyo.

Fundi akajifariji kuwa angalau shemeji amebaki. Na kweli alikuja, akalala mahali pake, akapiga vizuri kama zamani. Hakuna aliyemtania. Mchana aliingia karakanani, mkeka kwapani.

"Shemeji, umenilindia sikio, asante. Sasa nilisikilizie nini?"

"Atarudi."

"Yule? Kichwa kile si umempa wewe? Timu inachaguliwa mwezi ujao, na hana mtu wa kumsomea upepo."

"Ukikaa karibu na kile kichuma utakuwa kiziwi."

"Na niwe. Nimeyasikia mengi humu duniani, mengi yenyewe upuuzi mtupu." Akampiga fundi begani, akaenda.

Binti aliingia timu. Watu walisema ni breki. Fundi, mtu aliyetumia umri wake kuuliza kila chuma sababu yake, hakuweza kujua kama ni kile kichuma au ni mzee aliyeketi nyuma ya binti akimsomea upepo. Angetaka kubishana, lakini mstarini palibaki wapangaji wa saa moja moja, wanaopiga, wanaopiga picha, na kuondoka bila kuokota maganda yao.

Mwishowe aliivaa kofia yake, akaenda machimboni, akasimama nje ya waya. Binti alikuwa amelala chini. Mjomba aliketi nyuma ya bega lake na darubini, masikio wazi, hana tena cha kuziba. Binti akitaka jambo alimgonga goti kwa kidole, naye alimjibu kwa kiganja: kulia kidogo, subiri, sasa. Mara moja alimwonyesha ishara fulani, binti akaacha kulenga, akacheka mpaka akaweka paji la uso kwenye mkeka.

Fundi hakuingia. Alingoja langoni walipofungasha, wakapanda gari, binti kwenye usukani. Walipompita, shemeji alimwona, akainua mkono, akamwonyesha binti kwa kidole pale fundi aliposimama. Gari likapunguza mwendo. Fundi akavua kofia, akapiga hatua moja kuelekea barabarani. Kisha binti akaongeza mwendo, gari likaingia barabara kubwa, na hakuwaona tena.