Jaketi langu la ngozi lilivyopelekwa ukweni bila mimi kuulizwa

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje, na naandika hasira bado ziko kooni.

Mimi ni mtu wa Bariadi, ila kazi ya ualimu imenipeleka Makete.

Kwa wasioijua Makete: mwezi wa saba huvai nguo moja ukapona. Unaanza na fulana, sweta, koti la sufu, halafu juu kabisa jaketi la ngozi la kukata upepo. Ukikosa hilo la juu, vaa hata masweta matatu, upepo unapita tu.

Mwaka jana nilijifanya mbishi, nikalazwa kwa nimonia. Nilipotoka nikasaka mtumba wa maana: ngozi nzito, bitana ya manyoya. Sio yale ya plastiki yanayobanduka juani.

Likizo ya mwezi wa sita nikarudi nyumbani nalo. Bariadi jua kali, nikalitundika msumarini, nikaenda Sola kumsalimia shangazi siku mbili.

Narudi, msumari mtupu.

Nikauliza, mama akajibu huku anapepeta mchele: "Baba yako mdogo kaondoka nalo. Wameenda Mwamanyili, ukweni kwa Masanja."

Masanja ni mdogo wangu, anaoa huko. Ng'ombe walishakubaliwa, likabaki koti la mzee, lile la heshima analopewa baba wa binti. Wazee wetu wazima, wenye akili timamu, walihesabu ng'ombe wiki nzima wakasahau koti! Asubuhi ya safari ndiyo wanakumbuka, macho yakatua kwenye msumari wangu.

Nikampigia baba mdogo. Hana hata aibu.

"Koti ni koti. Wewe si unaishi kwenye baridi? Huko yamejaa."

Yaani mtu anachukua kinga ya kifua chako, halafu anakueleza yanakopatikana!

Sikulikubali hilo. Nikaenda mjini Bariadi, nikanunua koti jipya la suti, zuri kabisa, nikalitia kwenye mfuko na kushika njia ya Mwamanyili. Mpango: nampa mzee hili, nachukua langu, hakuna ugomvi.

Masanja akanidaka njiani, karibu alie. "Kaka, ukimvua tu, mzee atasema tumemvua heshima. Binti haondoki pale."

Nikamwambia, na mimi nikirudi wodini nani ataondoka na mimi?

Nikaingia. Saa saba mchana, jua la utosi, mzee kakaa uani kafunga zipu mpaka kidevuni, jasho linamtiririka. Majirani wanapokezana kushika mkono wa jaketi.

"Mwadila, baba," nikamwamkia, nikajitambulisha.

Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwadila, mwanangu. Wameniambia ni wewe uliyelivua mwilini mwako ukasema apewe mkwe. Nilikuwa na wasiwasi na hii ndoa. Nikasema, kama kaka mtu yuko hivi, binti yangu hatateseka."

Wakuu, nilimtazama baba mdogo aliyekaa pembeni. Anatazama kuku.

Mzee akauliza, "Na huo mfuko?"

Nikasikia sauti yangu inasema: "Na hili pia ni lako, baba."

Akafungua zipu, akavaa la suti kwa ndani, akarudishia la ngozi juu. Vigelegele.

Leo niko Makete, nasahihisha madaftari nimejifunga blanketi kama mgonjwa. Masanja kaoa, shemeji ni mtu mzuri sana, sina neno naye. Ila baba mdogo hajawahi kuniomba radhi, na kila anayekutana naye anamwambia wazo la jaketi lilikuwa langu.

Nilichojifunza: nyumba yenye mahari njiani, nguo yako ilalie kama mto. Na msimamo wako wote hauna kazi mbele ya mzee anayekushukuru.

Wewe ungethubutu kumvua? Semeni ukweli, na mwenye jaketi zito karibu na Njombe anistue. Kifua kimeanza kubana.