Spika ya Mgongoni kwa Mama Mkwe

Mume wangu alipoondoka alichukua televisheni, kabati la vyombo na godoro jipya. Spika tano aliziacha, na si kwa huruma. Alizikomelea ukutani mwenyewe kwa misumari mirefu, na siku ya kuhama alivuta moja ikatoka na lipu. Wabebaji mizigo wakacheka, akaona haya, akaziacha nyingine na hiyo pia.

Mama yake alikataa kupanda gari. Alikaa kitini akamwambia, "Wewe nenda. Mimi sijaachwa na mtu."

Huyo ndiye mama mkwe wangu. Mtaani wanasema bwana kaondoka na mali, mimi nimebakiziwa risiti. Waseme. Mama amepita miaka sabini, macho yake sasa huona dirisha na taa tu, na ulimi wake ungekuwa kisu tusingenunua kingine. Kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu, hapo hapo chumba cha mbele. Yeye hupanga soksi kwa kupapasa, na hajawahi kukosea pea. Jioni ikifika hufuata tamthilia yake kwa masikio, kwenye televisheni ndogo niliyonunua mkononi mwa mtu.

Katika zile spika tano, moja ni ya maneno. Waigizaji wakizungumza, sauti zao hutoka hapo, na mahali pake ni mbele, chini ya televisheni. Lakini mwanawe alipozifunga, waya kutoka kwenye mashine ya sauti, iliyo pembe ya nyuma, ulikuwa mfupi. Badala ya kununua mita mbili zaidi, akaitundika ukuta wa nyuma, juu ya kisogo cha mama yake. Ndivyo alivyo yule bwana, kitu kikimshinda hukipachika popote. Kwa hiyo miaka tisa mama amesikia mapenzi, fitina na vifo vyote vikisemwa mgongoni. "Kama majirani wanaosengenya nyuma ya ukuta," husema. "Utamu wenyewe ndio huo."

Jumatatu moja nilisikia harufu ya kuungua, nikadhani nimeharibu shati la mtu. Kumbe ni amplifaya, ile mashine inayogawa sauti kwenye spika zote, ambayo bwana aliiacha kwa kuwa bila spika haikumfaa. Nikamwita fundi, huyu tunayemwita Subiri kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Akaifungua, akainusa, akaifunga.

"Subiri, mama. Hii usiisumbue tena. Imekwenda."

Kesho yake yule bwana akampigia mama yake simu. Sijui nani alimpelekea habari. "Mama, njoo ukae kwangu. Nimenunua sistimu mpya kabisa. Jumamosi nakuja kukuchukua."

Mama, ambaye kila mara humjibu hapana kabla hajamaliza, safari hii alisema, "Tutaona."

Hiyo "tutaona" nilipiga nayo pasi hadi usiku. Ile televisheni kubwa nilishazoea kuikosa. Godoro namjua anayelilalia, na mgongo wake utanilipia. Lakini siku nilipotolewa maneno mbele ya ukoo mzima, kwamba sina shukrani na sina elimu, aliyesimama upande wangu ni mmoja tu, na alikuwa amemzaa mshtaki. Huyo naye aje achukuliwe kama kabati?

Nilikuwa na pesa niliyotenga kwa ajili ya pasi mpya. Basi pasi ikangoja amplifaya.

Subiri alinipa maelekezo mawili. "Angalia nyuma ya mashine. Iwe na vibanio vya kubana waya mtupu. Nyingine zina plagi za kwao tu, utalazimika kununua na spika zake. La pili, usisome wati walizoandika kwenye kibandiko, ni chumvi tupu."

"Kusoma usihofu," nikamwambia. "Sijui."

Alhamisi nikamshika mama mkono tukaenda dukani. Muuzaji alikuwa amevaa shati la kubana, kola haijaona pasi. Akatuwashia mashine yenye taa zinazokimbizana, akafungulia muziki hadi kioo cha kabati kikatetemeka.

"Zima," mama akasema. "Weka watu wanaozungumza."

Akaweka filamu. Mama akashika kiti, akakigeuza, akakaa akizipa spika mgongo na wateja uso.

"Bibi, spika ziko huku."

"Sioni, mwanangu, lakini si kwamba sijui. Niwekee mgongoni."

Duka zima likacheka. Mimi nikaweka kiganja juu ya ile mashine nikangoja. Miaka kumi na sita ya pasi, joto sipimiwi na mtu. Haikupita robo saa ningeweza kunyooshea ile kola ya muuzaji. Nikatazama nyuma, plagi za kwao tu.

"Hii inatokota," nikasema.

"Mama, hii ndiyo inayotoka sana!"

"Itatoka na kurudi."

Ya pili ilikuwa nzuri, lakini bei yake ingenunua pasi na mpiga pasi. Ya tatu aliitoa rafu ya chini bila hamu: imetumika, ina mkwaruzo, haina rimoti, nzito kama mtoto anayekataa kubebwa. Vibanio vyote vipo. Ikaimba na kuzungumza nusu saa, kiganja changu kikakuta uvuguvugu tu. Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Huyu dada anayeongea ana mafua," akasema.

Muuzaji akatazama kioo cha televisheni. Kweli, mwigizaji alikuwa na kitambaa puani.

"Tunachukua hii," nikasema. "Rimoti iko wapi?"

"Haina."

"Basi toa bei ya rimoti." Nikamtajia kiasi.

"Mama, rimoti haifiki hata robo ya unachotaka nipunguze!"

"Na miguu yangu itakayonyanyuka kila mara, nayo ni bure?"

Akapunguza, nadhani ili tuondoke.

Ijumaa Subiri akaja kuifunga. Alipoiona spika ya maneno juu ya kisogo cha mama, alisikitika kama daktari. Akatoa waya wake mwenyewe, mita mbili, akaiteremsha na kuiweka mbele, chini ya televisheni, inapotakiwa. Hata pesa ya waya hakutaka. Nikamshukuru, mpumbavu mimi.

Tamthilia ikaanza. Sauti safi, kila pumzi unaisikia. Mama akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Mbona wananikodolea macho?"

"Nani, mama?"

"Hawa. Wamekuja mbele yangu kama wadai."

Akanyanyuka katikati ya tamthilia, jambo ambalo sijaliona tangu niolewe. Nilipochungulia chumbani, alikuwa anakunja magauni yake na kuyatia kwenye mkoba.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa mlangoni kwa Subiri kabla hajapiga mswaki.

"Irudishe ilipokuwa."

"Subiri, mama..."

"Leo neno hilo uliweke mfukoni. Mwanawe anakuja."

"Lakini kule ni kosa."

"Ni kosa letu. Chukua nyundo."

Msumari wa mwisho uliingia, na gari likasimama nje. Yule bwana akaingia na manukato yake, hakunisalimu, akachukua mkoba wa mama akaupeleka garini. Mama akatoka chumbani amevaa viatu. Marudio ya tamthilia ya jana yalikuwa yanaanza. Nikanyoosha mkono nikawasha, nikarudi kwenye pasi yangu.

Sauti zikaanza kusengenya ukutani, nyuma ya kiti. Mama akasimama. Akakipapasa kiti, akakaa.

"Mama, twende," mwanawe akasema mlangoni. "Hata kwangu utaisikiliza hiyo."

"Kwako wanaongelea wapi?"

"Mbele, mama. Pale pale kwenye televisheni, ndivyo inavyotakiwa."

"Mbele," mama akasema.

"Ndiyo."

"Rudisha mkoba."

Akanitazama mimi kana kwamba nimemloga mama yake. Nikaendelea kunyoosha mkono wa shati. Akatoka, akarudi na mkoba, akautua kizingitini.

"Ndani," mama akasema bila kugeuka. "Na unyamaze, wanagombana hapa."