Siku Niliyomsoma Seifu

Gundi ya unga wa muhogo ikikaa siku tatu hunuka kama matapishi, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya serikali. Katika kijiji chetu, kusini mwa Kilwa Masoko, mtendaji wa kijiji aliikoroga mwenyewe kwenye kopo la maziwa na kubandikia matangazo yake mlangoni mwa ofisi. Msimu ule wa korosho mabibo yalikuwa yameoza kila mahali, na ukipita pale ilikubidi uzibe pua. Nilikuwa na miaka kumi, nasoma kuliko wakubwa wengi, tena na kiherehere cha kusoma chochote, hata karatasi za kufungia karanga.

Mwaka huo mama aligombea uenyekiti wa kijiji. Kilichomsukuma kilikuwa kimoja tu: msitu wetu ulikuwa umekodishwa kwa wageni, na hakuna mwanakijiji aliyewahi kuuona mkataba. Kila alipouliza mkutanoni, mtendaji alimjibu kuwa hiyo ni siri ya ofisi. Mama akaapa kwamba akishinda atausoma mkataba ule mbele ya watu wote, na wengi walikuwa upande wake.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kupiga kura, mtendaji akabandika orodha ya watoto waliozaliwa na kasoro. Aliinakili kutoka daftari la kliniki: jina la mtoto, kasoro yake, jina la mama. Alisema huo ni uwazi, wafadhili wakija wajue pa kuanzia, na eti mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye, aliyefungia mkataba wetu kabatini, ndiye wa kututolea methali! Wanawake waliotoka kuchota maji wakaniita niwasomee. Nikapanda juu ya tofali, nikasoma kwa sauti ya darasani: mdomo uliopasuka, mgongo wenye uvimbe, vidole sita. Kila jina walilipokea kwa mguno, nami nikazidi kupaza sauti kwa majivuno. Nikafika jina la Seifu, mguu wa kushoto umepinda kwa ndani, kisha jina la mama yangu. Seifu alikuwa mdogo wangu wa miezi mitano. Mguu ule niliujua, nilikuwa namwogesha kila jioni. Nilimsoma hata hivyo, mpaka nukta ya mwisho.

Bibi yangu alikuwa mwosha maiti. Wazee husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na bibi aliyaona ya nusu ya kijiji akafa nayo, hakumwambia hata mume wake. Maiti walisitiriwa, lakini vichanga vilibandikwa mlangoni. Kufikia Ijumaa neno lilikuwa limeenea kila baraza: kashindwa kunyoosha mguu wa mwanawe, atatunyooshea kijiji? Watu walicheka, na waliocheka zaidi ni wale wale waliokuwa wakila kwetu. Wengine walinong'ona kuwa mama alivunja miiko akiwa na mimba. Mama hakunipiga. Alikaa jikoni, Seifu mapajani, akasema, "Wangenisema mimi, ningesimama. Huyu kawakosea nini?" Kesho yake akaliondoa jina lake kwenye uchaguzi. Hakurudi kliniki pia, ambako ndiyo kwanza walikuwa wameanza kumfunga Seifu plasta ili mguu unyooke.

Mwaka uliofuata orodha ilikuwa na majina mawili tu. Mtendaji akasimama mkutanoni kutangaza kuwa, alhamdulillahi, kasoro za watoto zimepungua kijijini, na watu wakampigia makofi. Hata sasa nikiyakumbuka makofi yale natamani kutema mate. Mama na jirani zake hawakupiga makofi. Walijua watoto wamo vyumba vya nyuma, pazia limeshushwa, na kliniki hawapelekwi tena wasije wakaandikwa.

Leo mimi ni mwalimu Lindi mjini. Mtendaji yule alishastaafu, na mlango wa ofisi umepakwa rangi. Mkataba wa msitu bado ni siri. Orodha ndiyo imehamia kwenye kundi la simu la kijiji, na sasa ina picha: mtoto hata siku saba hajatimiza, kanga imefunuliwa, chini yake maneno "jamani tumwombee" na vikatuni vinavyolia. Nimeona watu wazima, wenye swala tano, wakizirusha picha hizo kabla hawajamaliza chai. Sisi wakati ule tulihitaji angalau mtoto mmoja mwenye kiherehere.

Mwezi uliopita nilikwenda kumpa hongera Seifu, ambaye hadi leo hutembea kwa ubavu wa unyayo. Mkewe amejifungua binti, na mguu wa binti umepinda vile vile. Nikamwambia ampeleke hospitali upesi, kwamba siku hizi watoto wanafungwa plasta mapema na wanatembea vizuri kabisa, na nauli nitatoa mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote za mdogo kwa mkubwa. Kisha akasema, "Dada, wakimwandika, safari hii nani atamsoma?"

Mpaka leo hajampeleka. Mtoto hayumo kwenye orodha yoyote, na mguu unazidi kukomaa.