Pini ya Tatu ya Kapteni Faustini

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kumwaga mifuko kabla sijaoneshwa ndege. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya mnadani, alinisimamisha mlangoni mwa banda akasema, "Toa." Nikatoa kalamu, funguo, peremende mbili na sarafu. Akaishika ile sarafu akaniuliza kama najua inaweza kufanya nini ndani ya injini ya jeti. Nikasema sijui. "Inaua rubani," akasema. "Kuanzia leo unachoingia nacho unakihesabu, na unachotoka nacho unakihesabu." Nilimwona mnoko. Nilikuwa kijana wa Temeke, nimetoka mafunzoni na cheti changu, najiona nimeshaiva.

Nyinyi mnaofanya kazi hii leo mna kompyuta ya kuwaambia kilichoharibika. Ndege zetu zilikuwa kuukuu tangu tunazipokea: za kivita, injini moja, rubani mmoja, na vitabu vya lugha ngeni ambavyo tulivisoma kwa kuangalia michoro. Fundi wa mstari, yaani yule anayeiandaa ndege kabla haijaruka na kuipokea ikitua, alitegemea masikio na vidole vyake. Nilipelekwa kituo cha bara miaka michache, nikarudishwa Dar, nikajenga Ukonga ili niwe karibu na kazi. Hapo ndipo nilipokabidhiwa ndege ya Kapteni Faustini.

Faustini alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu mno kwa kibanda cha rubani, na haikupita siku bila kunitania. Siku moja gurudumu lake la mbele lilikataa kushuka. Akazunguka juu yetu nusu saa nzima akimaliza mafuta, maana ndege ikijiburuza chini ikiwa na mafuta tumboni inawaka. Kisha akatua kwa magurudumu mawili ya nyuma, pua ameiinua, akaishikilia hivyo hivyo mpaka mwendo ulipokaribia kwisha ndipo akailaza taratibu. Alishuka akaniuliza, "Fundi, chai imebaki?" Nilimpenda kama kaka yangu. Binti yake Anjela aliniita baba mdogo tangu anajifunza kusema.

Sasa niwaeleze kiti. Rubani wa ndege zile alikalia kiti chenye baruti. Mambo yakiharibika angani anavuta kishikio: kioo kilicho juu yake kinafyatuka kwanza, kisha kiti kinamrusha nje na parashuti yake inafunguka. Ndege ikiwa chini, kiti hicho hufungwa kwa pini tatu ili kisimlipukie fundi. Moja hukaa kwenye kishikio, moja kwenye kioo, moja nyuma ya kichwa cha rubani, kwenye mtambo wa kuwasha baruti. Kabla ndege haijaondoka fundi huzichomoa zote, huziinua juu, na rubani huzihesabu kwa vidole. Kila pini ina utepe mwekundu ili isisahaulike. Ile ya nyuma utepe wake ulikuwa umekatika wiki moja nyuma. Nilisema nitaufunga mwingine, nikawa naahirisha.

Asubuhi ile tulikuwa na wageni wa ukaguzi, na Mkuu wa Kikosi alitaka ndege iwe angani kabla hawajakaa vitini. Faustini alikuwa ameshafunga mikanda, ananitania kwamba timu yangu imefungwa na watoto wa shule. Nilikuwa nacheka nilipouinua mkono wenye tepe nyekundu. Hakuhesabu, na mimi sikuhesabu. Alinipungia tu, nikashuka ngazi.

Injini ilizima akiwa anarudi. Alisema hivyo redioni, kisha hakusema tena. Rubani wa injini moja akizimikiwa hana mengi ya kufanya: anashusha pua ili asipoteze mwendo, anajaribu kuiwasha tena, na akifika kimo fulani haijawaka, anaruka. Sote tuliokuwa uwanjani tuliiona ikishuka kimya kimya kuelekea nyumba za watu. Mwishoni kabisa ikapinda, ikaangukia bondeni kwenye mashamba ya mihogo upande wa Pugu. Chini hakufa mtu. Parashuti hatukuiona.

Nilikuwa katika kundi la kwanza lililopelekwa. Kioo tulikikuta mbali na mabaki, ndani ya ua wa mtu. Kishikio kilikuwa kimevutwa. Nikazunguka nyuma ya kiti nikaiona pini yangu isiyo na utepe, imekaa mahali pake. Nikaichomoa, nikaitia kwenye mfuko wa pini pamoja na zile mbili. Sitasema nilichanganyikiwa. Nilijua ninachokifanya.

Jioni Mkuu wa Karakana aliniita ofisini akaumimina ule mfuko mezani. Pini tatu, moja ina tope. Aliifuta kwa ovaroli lake, polepole, akiniangalia, kisha akaandika tatu. "Nenda nyumbani," akasema. Hatukulizungumza tena mpaka anastaafu. Wachunguzi nao waliandika kwamba kioo na kishikio viliharibiwa na mshindo.

Mazishini Mkuu wa Kikosi alitangaza kwamba Kapteni Faustini alikataa kuruka ili ndege isiwaangukie raia. Mjane wake, ambaye mpaka leo namwita shemeji, alinishika mkono akasema, "Angalau ametuachia jina." Nikajiambia kwamba nikifungua mdomo nitawanyang'anya hata hilo jina. Ilikuwa sababu nzuri, na iliyemlinda zaidi ni mimi.

Nilistaafu, nikapewa cheti na saa ya ukutani. Anjela alikua akawa mwalimu, na anaishi na mama yake Mabibo. Jumapili moja mwaka huu alikuja kwangu mchana, akakaa ukingoni mwa kochi, akakataa soda.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Shuleni wameniomba niwaambie wanafunzi habari za baba. Nimekataa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nitawaambia nini? Kila mtu ananiambia baba yako shujaa. Mie nilikuwa na miaka sita. Aliwachagua watu asiowajua, akatuacha sie. Najua ni vibaya kusema hivi, ila nimemchukia toka niko mdogo, na nimechoka."

Miaka yote niliamini nimemtunzia mtoto huyu heshima ya baba yake, kumbe nilikuwa nimempa kitu cha kumuumiza. Nikamwambia yote: utepe, kioo, kishikio, pini. Nikamwambia pia kwamba kiti kilipokataa, baba yake alibaki na sekunde chache tu, na hizo ndizo alizozitumia kuzikwepa nyumba.

"Kwa hiyo alivuta," akasema.

"Alivuta. Alitaka kurudi nyumbani."

Alilia sana. Nilitaka kumshika bega, nikaona sina haki hiyo. Alipomaliza alifuta uso kwa mtandio wake akaniangalia.

"Umekula kwetu kila Krismasi."

"Ndiyo."

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi utamwambia mwenyewe. Mie hilo sitalibeba."

Akaondoka, sikuweza hata kumsindikiza.

Vijana mnaoshika ndege, sina elimu ya kuwapa ambayo vitabu vyenu havina. Hesabuni kwa sauti, hasa rubani akiwa rafiki yako, maana marafiki huachiana vitu. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo ovaroli likiwa bado mwilini. Mimi niliogopa jela nikajiita mwenye huruma, na nimezeeka nikiamini uongo wangu mwenyewe. Namlilia Faustini, namlilia na huyo mtoto aliyekua akimchukia baba aliyekuwa anahangaika kumrudia.

Jumamosi hii nakwenda Mabibo. Jana nilimpigia shemeji kumwambia nina mazungumzo naye, akauliza anipikie ndizi au wali. Nikamwambia asipike kwanza, tuzungumze.

"Mazungumzo gani hayo ya kukaa na njaa?" akacheka. "Njoo bwana. Nitakupikia ndizi."